Unanunua Ubao au Unanunua Kasi?

Kwenye nyaraka za zabuni za vifaa vya mtandao hapa Nairobi kuna mstari unaonakiliwa kutoka zabuni moja hadi nyingine bila kuguswa hata nukta: uwezo wa bakipleni usipungue gigabiti 176 kwa sekunde. Afisa aliyeuandika mara nyingi hajui hiyo 176 ilitoka wapi. Mzabuni anajua vizuri, kwa sababu ndiyo iliyochapishwa kwenye karatasi ya maelezo ya swichi anayotaka kuiuza. Wakili naye huletewa mkataba miaka miwili baadaye, mtandao umelemewa na pesa zimeshalipwa, aambiwe atafute aliyevunja ahadi. Anakuta neno ambalo kila upande ulilielewa kivyake.

Nimesoma nyaraka za kutosha za aina hii, za ofisi za katikati ya jiji na za kampuni za Westlands na Kilimani, na msimamo wangu ni mmoja: neno bakipleni lisipoandamana na maelezo ya kazi inayotakiwa, linamlinda muuzaji peke yake.

Tuanze na kitu chenyewe. Fungua chesisi ya ruta kubwa, chomoa kadi zote, kisha mulika tochi ndani. Ule ubao uliosimama wima nyuma kabisa, wenye konekta zilizojipanga safu kwa safu, ndio bakipleni. Kadi zinaingizwa kutoka mbele hadi zishikane na ubao huo, na kupitia kwake zinapata umeme, mapigo ya saa ya mfumo na njia za kupashana data. Ubao ukiwa katikati, kadi zikaingia kutoka mbele na nyuma, mafundi huuita midipleni, ingawa kwenye mikataba majina hayo mawili huchanganywa ovyo. Kama ubao una nyaya na konekta tu, hauna chipu ya kufanya uamuzi wowote, hiyo ni bakipleni tuli. Ikiwa na chipu, ni bakipleni tendaji. Tofauti hiyo si ya darasani. Ubao tuli ni nadra kuharibika wenyewe. Ubao wenye chipu unaweza kufa siku yoyote, na ukifa unakwenda na chesisi nzima.

Altair 8800, kompyuta iliyotangazwa Marekani Januari 1975 na kuuzwa ikiwa vipande vya kujiunganishia, ilikuwa na bakipleni ya pini 100 kwa kila sloti. Ilikuja kwa vipande vya sloti nne nne, na mwenye kutaka sloti zaidi alikaa na chuma cha kulehemu akaunganisha waya mia moja, mmoja baada ya mwingine. Mpangilio huo wa pini uliigwa na watengenezaji wengine mpaka ukawa kanuni ya soko, S-100. Mwaka 1981 ikaja VME, iliyotumika viwandani na kwenye mitambo ya kijeshi kwa miongo kadhaa. Kilichowavutia wanunuzi wa enzi hizo ni uhuru, maana kadi ya kampuni moja iliingia kwenye chesisi ya kampuni nyingine. Swichi na ruta kubwa hazikufuata njia hiyo. Chesisi ya Cisco inataka kadi za Cisco, ya Huawei inataka za Huawei. Anayenunua chesisi leo anachagua pia ni nani atakayemlipa miaka kumi ijayo, na hilo peke yake linatosha kumfanya mtu asome kifungu cha bakipleni mara mbili.

Sasa turudi kwenye 176. Chukua swichi ya milango 48 ya gigabiti 1, pamoja na milango minne ya gigabiti 10 ya kuiunganisha na mtandao mkuu. Milango ya watumiaji ni gigabiti 48, ya juu ni 40, jumla 88. Watengenezaji huzidisha mara mbili, kwa kuwa kila mlango hutuma na kupokea kwa wakati mmoja, ndipo inapatikana 176. Ni hesabu ya makanga anayejumlisha abiria wa kwenda Kangemi na wa kurudi mjini, kisha akatangaza kwamba matatu yake ina viti 28 badala ya 14. Si uongo, mradi kila mtu anajua imehesabiwa hivyo. Lakini zabuni isiyosema ni upande mmoja au pande mbili inamwangusha mzabuni aliyeandika 88 na kumpitisha aliyeandika 176, hali swichi zao zina nguvu sawasawa.

Na kuna kichekesho ndani yake. Swichi ya namna hii, sanduku moja lisilo na sloti, haina bakipleni. Ndani mna ubao mmoja na chipu inayofanya kazi yote ya kupitisha data, na ile namba ni uwezo wa chipu hiyo. Anayeitaka bakipleni kwenye sanduku hilo anataka kitu kisichokuwamo, na wazabuni wanamjibu kwa uso mkavu kwamba kimo. Kipimo ambacho kingemsaidia ni idadi ya pakiti. Pakiti ndogo kabisa za Ethernet, za baiti 64, zikijaza laini ya gigabiti 1 huwa takriban milioni 1.488 kwa sekunde; kwa gigabiti 88 zinakaribia milioni 131. Swichi isiyofika hapo inaweza kuanza kutupa pakiti wakati wa shughuli nyingi, hasa pale penye simu nyingi za mtandao zinazotumia pakiti ndogo, hata kama karatasi yake inajigamba kwa 176.

Kwenye chesisi za sloti mambo yanakuwa mazito zaidi. Catalyst 6500 ya Cisco, iliyotoka 1999, inafaa kufundishiwa somo hili. Kwa kutumia basi yake ya awali, ambayo kadi zote ziliigawana, ilihesabiwa gigabiti 32. Ukiichomekea moduli ya fabriki, yaani kadi yenye saketi za kuipa kila kadi njia yake, ilitajwa kuwa 256. Mwaka 2003 ikaja Supervisor 720, fabriki ikiwa ndani ya kadi ya usimamizi, na chesisi ikaitwa ya gigabiti 720. Namba tatu, na ubao wa nyuma ni ule ule. Basi anayeuliza bakipleni ya chesisi hiyo ni gigabiti ngapi hana budi kuulizwa naye: ukiwa umechomeka kadi gani?

Ipasue hiyo 720 uone kilichomo. Ni njia 18, kila moja gigabiti 20, kisha mara mbili kwa kuwa ni pande mbili. Kwenye toleo la sloti 13, yaani 6513, njia hizo 18 hazikugawanywa sawa. Sloti ya 1 hadi ya 8 zilipata njia moja moja, na sloti ya 9 hadi ya 13 zikapata mbili mbili. Kadi iliyohitaji njia mbili, kwa mfano ile ya milango minne ya gigabiti 10, haikukubaliwa kwenye sloti nane za kwanza. Mnunuzi aliyeandika kwenye mkataba wake sloti 13 na gigabiti 720 alipata vyote viwili, neno kwa neno. Akija baadaye kuomba kadi ya sita ya gigabiti 10 anaonyeshwa sloti tupu ambayo haimfai, na hana pa kushtaki, kwa sababu hakuna ahadi iliyovunjwa. Hakuandika gigabiti kwa kila sloti.

Kisha watengenezaji wakaanza kuutoa ubao wenyewe. Nexus 9500, ambayo Cisco iliitoa 2013, haina midipleni. Kadi za mbele zinalala, moduli za fabriki za nyuma zinasimama, na konekta zao zinakutana moja kwa moja. Hewa ya kupoza inapita bila kizuizi, na kasi ya kesho haifungwi na ubao uliochapishwa jana. Viwandani nako si ajabu: Siemens S7-300, kidhibiti ambacho fundi yeyote wa mitambo ya kiwanda anakifahamu, haikuwa na ubao wa nyuma. Moduli zake zilishikana kwa konekta ndogo zenye umbo la U, kila moja ikimshika jirani yake, na bado vitabu vya Siemens viliita njia hiyo basi ya bakipleni. Zabuni inayodai chesisi iwe na bakipleni tuli yenye uwezo wa terabiti kadhaa inaweza basi kumfungia nje mwenye mtambo bora kuliko wote, kwa kosa la kutokuwa na ubao.

Hapo ndipo sheria inapouma. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoshaji wa Mali ya 2015 kinataka mahitaji yawe wazi, yaeleze kikamilifu kinachonunuliwa na yaruhusu ushindani wa haki. Kinataka masharti ya kiufundi yaangalie kazi na utendaji, na kinakataza kutaja chapa, muundo au mtengenezaji fulani, isipokuwa pale ambapo hakuna njia nyingine ya kueleza, na hata hapo vitu vinavyolingana na kilichotajwa vikubaliwe. Bakipleni ya terabiti kadhaa si chapa. Lakini namba ikiwa imenakiliwa kutoka karatasi ya mtengenezaji mmoja, chapa imeingia kwa mlango wa nyuma, na kila mzabuni sokoni anaitambua.

Kamati ya tathmini nayo haina nafasi ya kuonea huruma. Kifungu cha 80 kinaifunga itumie vigezo vilivyo kwenye nyaraka za zabuni na si vingine. Mzabuni aliyejibu kwa ukweli kwamba mtambo wake hauna bakipleni anakatwa, na mhandisi aliye kwenye kamati, hata akijua kwamba mtambo huo ni bora, hawezi kulitia sharti maana mpya wakati bahasha zimeshafunguliwa. Dawa iko mapema. Kifungu cha 75 kinaruhusu nyaraka kurekebishwa kabla ya muda wa kuwasilisha zabuni kwisha, na mzabuni makini huandika kuuliza siku za kwanza: uwezo huu ni upande mmoja au pande mbili, ni wa chesisi nzima au wa sloti moja? Akingoja ashindwe, anabaki na siku 14 za kupeleka malalamiko mbele ya Bodi ya Mapitio. Siku hizo hupita haraka kuliko anavyodhani.

Mikataba ya watu binafsi na kampuni ina mkondo mwingine. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inaweka sharti hata kama halikuandikwa: bidhaa inayouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Ni kinga nzuri, ila inategemea maelezo yenyewe. Mahakamani, Sheria ya Ushahidi inaruhusu wataalamu kutoa maoni. Wataalamu wawili wataapa, kila mmoja atafungua karatasi ya mtengenezaji, mmoja atasema bakipleni ni ubao, mwingine atasema ni uwezo wa fabriki, na wote wawili watakuwa wanasema kweli. Ingekuwa kesi ya skrini za simu angeitwa na wa tatu, kwa kuwa kwa watengenezaji wa skrini bakipleni ni tabaka la transista nyembamba lililo nyuma ya pikseli. Tabaka hilo halibadilishwi peke yake. Fundi wa Luthuli Avenue anakubadilishia skrini nzima.

Ukitaka kuona hasara ya neno hili bila kwenda mahakamani, nenda maduka ya kompyuta ya Moi Avenue na mitaa ya jirani, kunakouzwa seva za ex-UK. Mteja anauliza prosesa, anauliza memori, anauliza bei. Bakipleni ya diski haulizi, na ndiyo inayoamua seva hiyo itaishi maisha gani. Seva mbili za modeli moja, jina lile lile kwenye bati la mbele, moja inaweza kuwa na bakipleni ya diski nane za inchi 3.5 na nyingine ya diski 16 za inchi 2.5. Moja inazungumza SAS ya gigabiti 6, nyingine ya gigabiti 12. Balaa kubwa ni diski za NVMe za umbo la U.2, ambazo kwa sura hazitofautiani sana na za SAS na zinaweza kuingia kwenye nafasi ya SAS vizuri tu. Zinaingia, zinashika, halafu seva haizioni. Hakuna kilichoharibika. Bakipleni ile haikuwekewa nyaya za kuzifikisha kwa prosesa, basi. Risiti iliyoandikwa seva moja, diski nane haimsaidii mteja. Ingeandikwa aina ya bakipleni, ukubwa wa diski, na kama inakubali NVMe, na kwenye nafasi zipi, muuzaji angekuwa amejifunga. Ni mstari mmoja wa kalamu.

Waranti ndiyo sehemu ninayoiona ikipuuzwa kuliko zote. Kadi ikiharibika inachomolewa na kuwekwa nyingine, mtandao ukiwa unaendelea. Bakipleni kwa kawaida imefungwa ndani ya chesisi, na pini moja tu ikipinda, kwa sababu fundi alisukuma kadi kwa pupa ikiwa imekaa upande, sloti hiyo imekwenda. Wakati mwingine inabidi chesisi nzima ibadilishwe, maana yake kuzima kila kitu. Mtoa huduma atasema pini iliyopinda ni uharibifu wa mkono, haimo kwenye waranti. Mteja atasema aliyesukuma kadi ni fundi wa mtoa huduma. Mkataba unasemaje? Mara nyingi hausemi lolote. Umeandika kwamba vipuri vitaletwa ndani ya saa nne, na bakipleni haimo kwenye orodha ya vipuri, kwa sababu aliyeitayarisha aliihesabu kuwa sehemu ya chesisi, na chesisi aliihesabu kuwa bati. Nashauri ukaguzi wa pini ufanyike siku ya kupokea mzigo, sloti kwa sloti, kwa tochi na picha, pande zote mbili zitie sahihi. Inachukua asubuhi moja.

Kuna pia suala la kupanua. Kifungu cha 139 cha sheria ile ya ununuzi kinaweka mipaka ya kubadilisha mkataba wa umma, na nyongeza zote zikijumlishwa hazitakiwi kupandisha bei kwa zaidi ya asilimia 25 ya bei ya awali. Taasisi iliyonunua chesisi ikiamini kwamba itaongeza kadi za kasi kubwa baadaye, kisha ikagundua kuwa njia za ubao hazitoshi, haiongezi tena. Inanunua upya, kwa zabuni mpya, na ile ya kwanza inabaki kwenye raki ikinguruma.

Nairobi ina kisa cha zamani kinachoonyesha gharama ya kukosa maana iliyokubaliwa. Novemba 2000, watoa huduma wa intaneti chini ya chama chao, TESPOK, walianzisha KIXP, kituo cha kubadilishana data. Kabla ya hapo, barua pepe kutoka mteja wa kampuni moja ya Nairobi kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine ya Nairobi ilipanda setilaiti, ikavuka bahari, ikarudi. Kituo kilikuwa swichi za kuwaunganisha majirani. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya kubeba mawasiliano ya kimataifa, ililalamika kwamba kinaingilia haki hiyo. Desemba hiyo hiyo Tume ya Mawasiliano, CCK, ikakifunga. TESPOK ilishikilia kwamba kituo kinabadilisha data ya ndani tu, kati ya wanachama wake. Leseni ilipatikana Novemba 2001, na kituo kikafunguliwa tena tarehe 14 Februari 2002 kikiwa na kampuni tano. Zaidi ya mwaka mzima ulipotea kwa kubishania kazi ya vifaa ambayo mhandisi angeieleza kwa sentensi moja: vinapokea data kutoka mlango huu na kuitoa mlango ule, vyote viko Nairobi. Sentensi hiyo ingekuwa kwenye leseni tangu mwanzo, pangebaki nini pa kubishania?

Mamlaka ya Kudhibiti Ununuzi wa Umma, yenye ofisi KISM Towers kwenye Barabara ya Ngong, hutoa nyaraka za mfano za zabuni ambazo taasisi zote za umma zinazitumia. Mamlaka ya TEHAMA, iliyoko Telposta Towers, hutoa viwango vya TEHAMA serikalini. Sioni ugumu wa ofisi hizo mbili kukubaliana kuhusu ukurasa mmoja unaoeleza namna ya kuomba uwezo wa swichi na ruta. Ingekuwa kazi ya wiki chache, na ingepunguza malalamiko mengi yanayofika mbele ya Bodi.

Mpaka ukurasa huo upatikane, ombi langu ni kwako wewe unayeandaa zabuni wiki hii. Usidai bakipleni. Dai kwamba milango yote, ikijaa kwa wakati mmoja pande zote mbili, ipitishe pakiti za baiti 64 bila kutupa hata moja, na kwamba jaribio hilo lifanywe mbele yako kabla ya malipo ya mwisho. Kama ni chesisi, dai gigabiti kwa kila sloti, upande mmoja, ukitaja sloti kwa namba, na useme kasi hiyo ibaki vilevile fabriki moja ikifa. Andika ni kadi zipi za kesho ambazo chesisi lazima izikubali bila kubadilishwa, na kwa miaka mingapi. Kwenye waranti, taja ubao, midipleni na konekta zake kwa majina, hata kama mtambo utakaoletwa hauna. Na kama bosi wako anasisitiza kwamba neno bakipleni libaki kwa sababu lilikuwapo kwenye zabuni ya mwaka jana, libaki, ila mbele yake weka ufafanuzi wenye sentensi tatu na uombe kila mzabuni autie sahihi.